Mkubwa Aliyekosa wa Kumwamkia

Iko nchi moja, jina lake silitaji kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa kabla hawajaandikiwa barua ya maombi, ambako adabu imeendelea kuliko kitu kingine chochote. Barabara zake zina mashimo, lakini dereva akitumbukia huzima gari, akashuka na kuliomba shimo radhi. Huko kila raia ni mwanachama wa Umoja wa Waungwana, na asiye mwanachama hafunguliwi mlango, hapewi maji, hatibiwi.

Uanachama wenyewe hauna kadi wala ada. Unaishi kwa shikamoo. Kila asubuhi mwanachama humpigia simu mkubwa aliyepangiwa, humwambia shikamoo, mkubwa hujibu marahaba. Mfumo wa kompyuta uitwao Mlezi unasikia yote mawili, unampaka yule mdogo rangi ya kijani kwenye kitambulisho chake, na basi, yu hai mpaka kesho. Asiyeamkia hupakwa nyekundu. Tena mkubwa akiwa mwekundu marahaba yake haina nguvu, kwa hiyo wote wanaomwamkia huwa wekundu, na wanaowaamkia hao pia, hivyo hivyo hadi chini kabisa. Yote hujiendesha yenyewe. Serikali ilijivunia mno kwamba hakuna mkono wa mtu humo, na kweli, siku ninayoisimulia hapakuwa na mkono wowote.

Mwanahawa alikuwa mmoja wa mafundi wa Mlezi. Asubuhi hiyo hakustahili kuwa kazini. Binti yake Riziki, wa miaka sita, alikuwa amelazwa hospitali ya ng'ambo ya barabara, kidole tumbo kimevimba, anangoja kupasuliwa. Lakini kuomba ruhusa kwa sababu ya mtoto kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu kwa Mlezi, basi akamwacha mumewe Shomari amshike mtoto mkono, mwenyewe akaja kuketi mbele ya kompyuta, roho yake imebaki wodini.

Hakuwa hata amekunywa maji, simu ikaita.

"Mama Riziki," Shomari alisema, "mlango wa chumba cha upasuaji umegoma. Daktari anaweka kidole, taa inawaka nyekundu."

"Daktari yupi?"

"Mchome mwenyewe. Amejaribu vidole vyote kumi, sasa ameanza vya miguuni. Na mwanao analia, hata maji hataki. Daktari anasema hiki kidole kikipasukia ndani..."

Hakumalizia. Mwanahawa hakutaka amalizie.

Alifungua kioo cha kompyuta akatazama. Lo! Nyekundu ilikuwa inashuka kutoka juu kama chai iliyomwagika mezani, inatafuta ukingo. Akaanza kufuata nyuma, kama fundi yeyote afuatavyo bomba mpaka alione linapovuja. Daktari Mchome alimwamkia Mganga Mkuu: mwekundu. Mganga Mkuu alimwamkia Waziri wa Afya: mwekundu. Waziri wa Afya alimwamkia Mkubwa Wetu, kiongozi wa nchi. Mwanahawa alipofika kwenye kisanduku hicho cha juu aligeuza uso haraka, kama mtu aliyemkuta baba mkwe anaoga.

Kilikuwa chekundu.

Sababu yake aliijua. Kila mtu nchini aliijua, tangu mawaziri hadi wauza karanga. Mkubwa Wetu alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwamkia, shangazi yake, kikongwe aliyekuwa akijibu "Marahaba, baba" huku anatafuna tambuu. Shangazi alifariki jana. Amezikwa kimya kimya, maana Ikulu watu hawafi, na kwa kuwa hakufa, hapakuwa na haja ya kumtafutia mwingine wa kushika nafasi yake. Leo asubuhi Mkubwa Wetu aliamka, hakuwa na wa kumwamkia. Mlezi ukamngoja, ukamkumbusha, ukamwonya, ukampaka.

*

Mkutano wa dharura uliitishwa hapo hapo. Waziri wa Adabu alichelewa kidogo kwa kuwa mlango ulimkataa. Aliingia kupitia dirishani, suruali imechanika gotini, na wote wakasimama kwa heshima kama kawaida.

"Nimeamua leo kukagua madirisha," alisema, akijipangusa vumbi. "Nimeridhishwa nayo. Haya, Mkurugenzi, nasikia kuna mafanikio yaliyochelewa."

Neno tatizo lilikuwa limeshapigwa marufuku ofisi zote. Mkurugenzi Pazi, bosi wake Mwanahawa, mtu mpole aliyezoea kufuta jasho hata wakati wa baridi, aliinuka.

"Mheshimiwa Waziri, yamechelewa kidogo. Fundi wetu hapa ataeleza."

Akaketi upesi, amefurahi kama mtu aliyetua mzigo wa moto.

Mwanahawa alisimama. "Waheshimiwa, shikamooni. Kuna mwanachama mmoja wa juu ambaye leo hajaamkia."

"Juu wapi?" aliuliza Waziri.

"Juu kabisa, Mheshimiwa."

"Juu kabisa yuko Mungu."

"Chini yake kidogo."

Kikao kizima kikatazama dari. Mkurugenzi Pazi alijitia vidole masikioni, kisha akaona aibu, akajifanya anajikuna.

"Binti," Waziri alisema taratibu, "unataka kusema kwamba yuko mtu fulani, ambaye simtaji, ambaye hakuna anayemtaja, amekosa adabu?"

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa. Nasema hana wa kumwamkia. Apangiwe mkubwa mwingine tu, mambo yatatengemaa sasa hivi. Mwanangu yuko mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Daktari hawezi kuingia. Nawaomba, jamani."

"Mkubwa mwingine!" Waziri alicheka bila furaha. "Mkubwa kuliko yeye? Nitajie mmoja."

Hapo alikuwa na hoja. Miaka mingi nyuma ilipitishwa Sheria ya Heshima, isemayo kwamba hakuna raia atakayemzidi umri Mkubwa Wetu. Wazee wote waliozaliwa kabla yake walipunguziwa miaka ndani ya Mlezi mpaka kila mmoja akawa mdogo wake kwa siku moja. Shangazi peke yake ndiye aliyesamehewa. Bibi yake Mwanahawa, mzaa mama, alipunguziwa hata akawa pacha wa mwanawe wa kwanza, na alipokwenda kulalamika aliambiwa aache utoto. Kazi hiyo ya kupunguza ilifanywa na mafundi, Mwanahawa akiwamo. Kitufe cha kupunguza miaka kilikuwapo. Cha kuongeza hakikuwekwa kabisa, wasije watu wakakua ovyo.

"Basi tuiondoe kanuni kwa muda," Mwanahawa alisema. "Mlezi usimdai yeye shikamoo. Anatakiwa waziri mmoja tu aweke kidole."

Waziri alitazama kidole chake, akakirudisha mfukoni. "Kidole changu kwa sasa kinapumzika."

Kwa maneno mengine, alikuwa mwekundu. Mawaziri wote walikuwa wekundu. Na Mlezi haupokei amri ya mwekundu, ndiyo fahari yake.

"Napendekeza," Waziri aliendelea, sauti ikinenepa kadiri hoja ilivyokonda, "tuunde kamati ya kuwapongeza wananchi kwa uvumilivu wao. Kamati hiyo iwe na kamati ndogo ya vitafunio. Ndugu zangu, taifa lisilovumilia milango ni taifa lisilojua kilicho nyuma ya mlango..."

Walipiga makofi. Katikati ya makofi kitambulisho kifuani mwa Mkurugenzi Pazi kililia tii, kikawa chekundu. Waliokaa karibu naye walisogeza viti.

Mwanahawa alikitazama chake, bado kijani. Pazi ndiye mkubwa wake wa kuamkiwa. Zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Simu ilitikisika mkononi mwake.

"Amenyamaza," Shomari alisema. "Alikuwa analia, sasa amenyamaza. Mama Riziki, sipendi anavyonyamaza."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwanahawa aliondoka kikaoni bila kuaga, kosa ambalo katika nchi ile lina kifungo chake, akakimbilia kwenye kompyuta yake.

*

Alijaribu kwanza njia za kifundi. Aliuambia Mlezi umruke Mkubwa Wetu, ukakataa. Alijaribu kuurudisha mfumo ulivyokuwa jana, ukamjibu kwa upole kwamba jana imezikwa bila taarifa. Alikosea neno lake la siri mara mbili.

"Hana mkubwa," alinong'ona. "Wote ni wadogo zake. Wote."

Hapo wazo likamjia, na lilipomjia alitamani lisingemjia. Wazee wote walifanywa wadogo kwa kupunguzwa. Kama hakuna awezaye kuongezwa juu yake, basi apunguzwe yeye.

Alimfungua. Ndiyo, alifungua ukurasa wa Mkubwa Wetu, jambo ambalo hata mawaziri hulifanya wakiwa wamefumba macho. Kitufe cha kupunguza kilikuwa pale pale, kidogo, kama kwa raia yeyote. Hakuna aliyekumbuka kukiondoa, maana nani angethubutu?

Lakini apunguzwe mpaka wapi? Mkubwa wake mpya sharti awe kijani, na watu wazima walikuwa wanakwisha mmoja mmoja mbele ya macho yake. Alifikiria kujiweka mwenyewe. Haingefaa, yeye ndiye aliyekuwa wa kufuata kupakwa nyekundu. Waliobaki nyuma ya foleni ni watoto. Watoto huamkia kila mtu na hawaamkiwi na yeyote, kwa hiyo wekundu huwafikia mwisho. Na katika watoto wote wa nchi, mmoja tu alikuwa na hakika naye kwamba simu iko karibu na sikio lake.

"Liwalo na liwe," alisema, akabonyeza.

Mlezi ukauliza: Una uhakika? Hakuwa na uhakika hata kidogo. Akabonyeza tena.

Miaka ikaanza kushuka. Alipofika hamsini, Mkubwa Wetu alipoteza nishani ya utumishi uliotukuka. Thelathini, vikaondoka vita vya ukombozi alivyoviongoza peke yake. Kumi na tano, Mlezi ukamvua cheo cha jenerali kwa kuwa ni hatari kwa mtoto kushika silaha. Kumi, ukamsajili shule. Saba, ukamkumbusha chanjo. Mwanahawa aliendelea kubonyeza, machozi yanamtoka, kicheko kinamtoka, hajui kipi ni kipi, mpaka ilipofika mitano.

Mkubwa wa kumwamkia: akaandika jina. Riziki Shomari, miaka sita, yu hai.

Kitambulisho cha Mwanahawa kikalia tii, kikawa chekundu. Kioo cha kompyuta kikajifunga.

Aligeuka. Mkurugenzi Pazi alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo wazi.

"Mwanahawa. Umefanya nini?"

"Nimempunguza, Bwana Pazi."

"Umempunguza nani?"

Pazi alitazama kioo, akatazama uso wake, akaketi sakafuni pole pole kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Umetuua, dada yangu. Umetuua sote na wajukuu zetu."

"Mimi nina mtoto mmoja," Mwanahawa alisema, akatoka kwa dirisha, kama alivyoingia Waziri.

*

Alivuka barabara mbio. Mlinzi wa hospitali alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, kimemkataa, wala hakumzuia mtu. Huko ndani wagonjwa na wauguzi walijazana ukumbini, kila mmoja amesimama mbele ya mlango wake kama aliyekosea nyumba. Mbele ya chumba cha upasuaji alimkuta Daktari Mchome, glavu mkononi, na machela, na juu ya machela Riziki, kijasho chembamba usoni, midomo myeupe. Kitambulisho kidogo mkononi mwake kilikuwa bado kijani, ila kimeanza kupepesa.

"Mama," Riziki alisema kwa sauti ya chini, "tumbo."

"Najua, mwanangu. Nimekuja."

Simu ya Shomari, ambayo ndiyo namba ya mtoto ndani ya Mlezi, ikaita. Shomari aliangalia namba, akamnyooshea mkewe simu. Namba ile kila raia aliijua, maana imechapwa kwenye noti, ingawa hakuna aliyewahi kuthubutu kuipiga.

Baadaye ilikuja kujulikana kwamba Mkubwa Wetu alikuwa bafuni. Maji yalikatika akiwa na povu kichwani, na mlango wa bafu ukagoma. Aliita walinzi, wakamwimbia wimbo wa taifa kutoka nje kwa kukosa la kufanya. Hapo ndipo simu yake ilipowaka na kumwambia mkubwa wake ni nani.

Mwanahawa aliipokea simu, akaiweka sikioni mwa mtoto, akafungua sauti.

"Nani huyo?" ilinguruma sauti iliyozoeleka redioni. Ukumbi mzima ukasimama wima, na wagonjwa wawili wakainuka vitandani. "Nimesema, nani... Aa! Macho yangu!" Kisha, kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino: "Shi... Shikamoo."

Riziki alisikia sauti ya mtu mzima. Alikuwa mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, babu," alisema.

Mlezi ukalia: jibu si sahihi.

Na Mkubwa Wetu, kwa mazoea ya maisha, akajibu, "Marahaba."

Mlezi ukalia mara mbili.

Ukumbi ulitoa mguno mmoja. Daktari Mchome aliweka kichwa ukutani. Kile kitambulisho cha mtoto kilikuwa kinapepesa haraka zaidi, kijani, njano, kijani, njano.

"Riziki, sikia mama," Mwanahawa aliinama mpaka paji la uso likagusana na la mwanawe, nalo lilikuwa la moto. "Akisema tena shikamoo, wewe sema marahaba."

"Huyo mkubwa, mama."

"Leo ni mdogo. Sema tu."

"Utanichapa."

"Sitakuchapa. Wallahi sitakuchapa, mwanangu. Sema neno moja tu, mama nakuomba."

"Msichana!" iliita simu, na safari hii haikunguruma. "Bibie, tafadhali. Macho yananiwasha." Alivuta pumzi. Alipolisema lile neno tena alilisema kama alivyokuwa akilisema kila asubuhi kwa kikongwe mwenye tambuu, laini, na kichwa bila shaka ameinamisha huko bafuni peke yake. "Shikamoo."

Riziki alimtazama mama yake. Mama yake alitikisa kichwa kukubali.

"Marahaba," alisema mtoto.

Kijani kikawaka mkononi mwake na kikatulia. Ukutani taa ya mlango ilibadilika, kufuli likalia ko, na Daktari Mchome hakungoja hata aambiwe. Alisukuma machela kwa kifua. Mlango ukafungwa nyuma yao, na Mwanahawa akabaki amekumbatia simu ambayo ndani yake yalisikika maji yanamwagika na mtu anashukuru bila kujua anamshukuru nani.

*

Kidole tumbo kilikuwa kimeanza kuvuja. Dakika chache zaidi, Daktari alisema, akaanza kuvua glavu. Riziki alitolewa akiwa usingizini, na baba yake akamshika mguu kupitia shuka wala hakuuachia.

Alasiri Waziri wa Adabu alifika, safari hii kupitia mlangoni, na askari na pingu.

"Wewe umempunguza Mkubwa Wetu," alimwambia Mwanahawa. "Katika historia ya taifa hili wengi wamejaribu kumpunguza, wote wameshindwa. Rudisha miaka yake mara moja."

"Kitufe cha kuongeza hakipo, Mheshimiwa. Mafundi tulikiomba, mkakikataa."

Waziri alifikiri. Akajaribu kuweka jina la mtu mzima badala ya la mtoto, Mlezi ukakataa kumbadili mkubwa aliye hai. Akawaza kuandika kwamba aliyepunguzwa ni mwingine, lakini simu ilisikiwa na hospitali nzima. Mwisho akaamua mtoto abaki kwa kuwa serikali inamhitaji, na mama achukuliwe kwa kuwa serikali haimhitaji. Ila iwe kesho, baada ya shikamoo, ili mtoto asije akajibu vibaya.

Mwanahawa alikesha kwenye benchi, askari mmoja kila upande. Hakulia. Alikuwa anamtazama mwanawe anavyopumua, akijaribu kushiba.

Kulipokucha wodi ilijaa. Mawaziri walijipanga kuzunguka kitanda, Mkurugenzi Pazi nyuma yao anajifuta jasho. Riziki alikuwa ameketi, mto mgongoni, anakunywa uji. Aliwatazama wote wale, akaona mikono ya mama yake imetiwa pingu, akaacha uji.

Simu ikaita. Waziri mwenyewe aliishika, akapiga goti, akaiweka sikioni mwa mtoto.

"Shikamoo," ilisema simu.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umepiga mswaki?"

Waziri alifumba macho.

"Bado," ilisema simu.

"Kapige." Riziki alifuta mdomo. "Na hawa watu wamemfunga mama yangu mikono. Wanasema umewatuma wewe. Ni kweli?"

Mwanahawa alitaka kumwambia mwanawe anyamaze, akashindwa. Ndani ya simu kulisikika mtu anavuta miguu sakafuni.

"Si mimi," Mkubwa Wetu alisema hatimaye. "Ni wao."

"Wewe ndiye umewatuma."

"Sirudii."

"Kweli?"

"Kweli, sirudii tena."

Waziri tayari alikuwa anapekua mifuko kutafuta ufunguo wa pingu, asiuone, hata askari akamsaidia. Riziki alisubiri mpaka mikono ya mama yake ilipofunguliwa. Ndipo akasema kwenye simu, kama wasemavyo wakubwa wote wakishamaliza na mtoto:

"Haya, kacheze."

Naye akaenda. Siku hiyo nzima, katika nchi ile, haikutoka amri hata moja.